Mashine Inatunzwa, Mbona Inazimika?

Somo kwa vikundi vya mafunzo vya wafanyakazi wa viwandani na mashambani



Somo letu la safari hii linahusu mashine ya kukatia majani. Huenda ndugu mwingine akauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na mashine ya majani? Jibu ni fupi. Mashine ikizimika, kazi haiishi. Kazi isipoisha, msimamizi hutafuta mtu wa kulaumu, na mtu wa kwanza kuonekana ni yule aliyeshika mpini. Huambiwa hakutia oili, hakusafisha, ameiharibu kwa uzembe. Pengine mshahara wake unakatwa. Kumbe ndugu yule anaitunza mashine ile kuliko anavyotunza baiskeli yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunataka kila anayeendesha mashine aweze kujibu swali moja: imetunzwa vizuri, mbona bado inazimika? Mwenye jibu na ushahidi huiokoa mashine, na hujiokoa yeye pia.

Tunasema juu ya mashine ya majani, lakini injini ndogo zote ni ndugu. Yale tutakayoeleza yatamfaa pia anayesukuma maji kwa pampu, na jirani yetu mvuvi ambaye moteri yake huzimika usiku ziwani akifuata ndagala.

1. Mashine hii na mwambao wetu

Mashine ya kukatia majani ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1830 Mwingereza Edwin Budding, fundi wa eneo la Stroud lenye viwanda vya nguo, aliitazama mashine iliyokuwa ikisawazisha vinyweleo juu ya kitambaa cha sufu. Akaona kwamba visu vya namna ile vinaweza kukata majani. Wakati huo mashine ilisukumwa kwa mikono. Injini ya mipigo minne, ambayo leo hukaa juu ya mashine nyingi za kusukuma, ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876.

Budding alifikiria uwanja wa Kiingereza: majani mafupi, laini, yaliyo sawasawa. Sisi tuko kwenye uwanda wa Imbo. Kutoka Magara na Minago hadi Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac, mvua zikishika majani hupanda haraka, yakawa marefu na magumu. Chini yake mna mchanga, mawe na visiki vya michikichi. Kwenye mashamba ya mawese majani hayawezi kuachwa: matunda yaliyodondoka hupotea ndani yake, nyoka hujificha, na mvunaji hujikwaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa panga na fyekeo. Mashine ya kusukuma hutumika kwenye viwanja vya viwanda, ofisi, shule na nyumba za wageni kando ya ziwa. Na mahali pengine hutumika ile mashine ya begani.

Halafu kuna majira. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Majani yanakauka na mashine inawekwa stoo. Mvua zinaporudi inatolewa, inavutwa kamba mara ishirini, haiwaki. Hapo watu husema, "Mashine hii ni mbovu." Tusikubali neno hilo upesi. Ubovu una mahali pake na una sababu yake, tuutafute.

2. Mahitaji manne ya injini

Injini ya esanse, ambayo ndugu zetu wa Kigoma huiita petroli, inahitaji mambo manne tu: mafuta safi, hewa, cheche ya moto, na mshindilio. Mshindilio ni ule mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya silinda, pistoni inapopanda juu. Yakiwapo yote manne kwa kipimo na kwa wakati wake, injini haina hiari, lazima iwake. Likikosekana moja, utavuta kamba mpaka bega litoke.

Sasa angalieni jambo hili. Matunzo tuliyofundishwa wengi wetu ni kubadili oili, kufuta vumbi, kunoa kisu na kukaza skurubu. Hayo ni mazuri na yaendelee. Lakini hesabuni: oili haimo katika yale manne. Kisu hakimo. Vumbi la juu ya chuma halimo. Oili huzuia vyuma visisagane, nayo hurefusha maisha ya injini. Lakini injini yenye oili mpya kabisa inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya tone la maji ndani ya kabureta. Ndiyo maana mtu hutunza mashine kwa bidii na bado ikamsumbua. Bidii yake iko mahali pamoja, na ugonjwa uko mahali pengine.

Basi kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: mashine iliyotunzwa ikizimika, usirudie kuisafisha. Uliza ni lipi kati ya manne limekosekana.

3. Tuanze na mafuta

Kwa mashine ndogo, mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Kwetu Burundi ana sababu za ziada. Katika miaka ya 2022, 2023 na 2024 nchi yetu ilipata upungufu mkubwa wa mafuta. Magari yalilala kwenye foleni za vituo siku baada ya siku, na esanse ikapita mlango wa nyuma, kutoka Tanzania na Kongo, ikauzwa kwa chupa na kwa bidoni. Nani alijua bidoni ile ilibeba nini kabla? Nani alijua esanse ile ilikaa siku ngapi juani, au ilichanganywa na nini? Mafuta ya namna hiyo yakiingia tangini, mfanyakazi hawezi kuyaondolea ubaya kwa kubadili oili.

Mafuta huharibika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni uzee. Esanse si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo hushika moto upesi wakati wa kuwasha, hupaa kwanza. Vinavyobaki huanza kugeuka gundi. Esanse iliyokaa mwezi mmoja kwenye joto huanza kuleta matatizo, na ile iliyoachwa ndani ya kabureta kiangazi chote hukauka, ikaziba vijitundu vyembamba kama tundu la sindano. Hiyo ndiyo mashine inayokataa mvua ya kwanza.

Njia ya pili ni maji. Tangi likiachwa nusu, nusu ya juu hujaa hewa. Usiku hewa ya kando ya ziwa ni nyevunyevu. Chuma kinapopoa, unyevu ule huweza kugeuka matone na kudondokea ndani. Maji huingia pia kwa bidoni iliyooshwa bila kukaushwa, au tangi likijazwa wakati wa manyunyu. Lita moja ya esanse ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, na lita ya maji ni kilo nzima. Kwa hiyo maji hukaa chini, na kabureta hunywa kutoka chini.

Njia ya tatu ni mchanganyiko. Anayetaka faida hutia mafuta ya taa au mazutu ndani ya esanse. Wakati mwingine si hila bali ni lugha. Ukimwambia mtu wa Kigoma "petroli" atakuletea esanse. Lakini kwa aliyezoea Kifaransa, neno "pétrole" ni mafuta ya taa. Tumeni mtu ng'ambo kwa neno lililo wazi, na mpime alicholeta.

Kupima si kazi kubwa. Fanyeni nje, mbali na moto, sigara na jua kali.

Kwanza, mimineni mafuta kidogo katika chupa nyeupe isiyo na rangi, mwiache itulie robo saa. Maji yakiwapo yatajitenga chini, na mstari utaonekana. Uchafu nao utatua.

Pili, dondosheni tone moja juu ya karatasi nyeupe safi. Esanse halisi hupaa kwa dakika chache bila kuacha doa la mafuta. Ikibaki alama yenye kung'aa kama karatasi iliyofunga sambusa, mna kitu kingine ndani.

Kabla ya kiangazi, maliza mafuta yote: toa yaliyomo tangini, kisha washa injini iendelee mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Kabureta iliyo tupu haifanyi gundi. Na wakati wa kazi nunueni mafuta ya wiki mbili tatu, si ya miezi mitatu, pale yanapopatikana.

Neno moja kwa wenye mashine za begani. Nyingi ni za mipigo miwili, nazo hunywa esanse iliyochanganywa na oili yake maalumu. Someni kipimo kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha tangi. Ikiandikwa moja kwa hamsini, lita moja ya esanse inataka mililita 20 za oili. Lita tano zinataka mililita 100. Ikiandikwa moja kwa ishirini na tano, idadi hizo huzidishwa mara mbili. Mashine ya begani ikipewa esanse tupu, pistoni hukwaruzika na kukwama kwa muda mfupi. Ile ya kusukuma yenye mipigo minne ikipewa mchanganyiko huo, hutoa moshi na buji huchafuka. Kwa hiyo bidoni mbili zisifanane: mojawapo ifungwe kitambaa cha rangi, na kila mtu ajue maana yake.

4. Izimike lini? Hapo ndipo penye jibu

Daktari mzuri humwuliza mgonjwa homa inakuja saa ngapi. Nasi tuiulize mashine: inazimika lini? Wakati wa kuzimika unasema mengi kuliko sauti yake.

Haiwaki kabisa ikiwa baridi. Toa buji, ambayo wengine huiita plagi, baada ya kuvuta kamba mara kadhaa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: tazama kabureta na bomba. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika lakini hayachomeki: tazama cheche, au mafuta yenyewe.

Inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi au ishirini, kisha inafifia na kuzimika. Hapa kuna washukiwa wawili, na watu wengi huwachanganya. Mmoja ni kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Mafuta yanaposhuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikizibwa na vumbi, mafuta hugoma kushuka, kama maji ya chupa uliyoipindua na kuziba kwa kidole. Mwingine ni koili, ambayo mafundi wetu wa Kifaransa huiita bobini. Ikichoka hufanya kazi ikiwa baridi, na hukataa kutoa cheche ikipata moto.

Utawatofautishaje? Mashine ikizimika tu, acha ipoe dakika moja mbili, legeza kifuniko cha tangi, kirudishe bila kukikaza, kisha vuta kamba. Ikiwaka na kuendelea, mwizi ni kitundu. Sindano tu na kitambaa vinatosha, wala hakuna haja ya kununua kitu. Ikikataa, ikaja kuwaka baada ya kupoa nusu saa, mshuku koili, na fundi aipime cheche wakati injini ina moto. Akiipima asubuhi ikiwa baridi ataona cheche nzuri, atasema mashine ni nzima, na lawama itakurudia wewe.

Kamba inarudi kwa nguvu na kuvuta mkono, au inawaka kwa shida tangu siku ilipogonga kisiki. Juu ya injini kuna gurudumu zito. Limefungwa kwenye shafti kwa kipande kidogo cha chuma laini. Kisu kikigonga kisiki, kipande kile hukatika au kupinda kidogo ili shafti isivunjike. Tangu hapo cheche huja mapema mno au kwa kuchelewa. Mashine ya namna hii inaweza kuoshwa mwaka mzima isipone. Kipande chenyewe ni kidogo mno. Tabu ni kwamba hakuna aliyeandika siku ile ya kisiki. Na shafti yenyewe ikaguliwe kama haikupinda. Mashine ikitetemeka kuliko kawaida baada ya kugonga, izimwe na isitumike mpaka ikaguliwe.

Inawaka, lakini inakosa nguvu ikiingia majanini. Tazama chini ya ile kofia ya chuma inayofunika kisu. Majani mabichi hushikamana hapo kama ugali kwenye sufuria, kisu kikakosa nafasi. Kisu butu nacho hupasua jani badala ya kulikata, na injini hubeba mzigo wa bure. Kama vyote ni safi, basi mshindilio umepungua: valvu zimeachana vibaya au pete za pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo, si ya mwendeshaji.

5. Matunzo yanayoharibu

Tuseme ukweli, ndugu. Yapo matunzo yafanywayo kwa moyo safi ambayo huiua mashine.

La kwanza ni kuzidisha oili. Oili ina mstari wake wa juu. Ikipita, hupanda kwenye chujio la hewa na kwenye silinda, ukapata moshi mweupe na buji yenye lami. Vitabu vingi vya mashine ndogo husema oili ibadilishwe kila saa 50 za kazi, na kila saa 25 penye joto na kazi nzito. Kwetu tushike 25. Lakini kubadili mara nyingi si kujaza mpaka mdomoni.

La pili ni kulaza mashine upande usiofaa ili kukisafisha kisu. Kwanza waya wa buji uchomolewe. Kisha mashine ilazwe chujio na kabureta vikiwa juu. Ukivilaza chini, oili na esanse huvifuata, na asubuhi mashine haiwaki. Aliyeisafisha jioni ndiye huyo huyo atakayelaumiwa asubuhi, wala hatajua kosa liko wapi.

La tatu ni kuosha chujio la karatasi kwa maji au kwa esanse. Karatasi huharibika. Ligongwe taratibu likung'ute vumbi, na likijaa libadilishwe. La sponji ndilo huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa.

La nne ni kuimwagia maji injini yenye moto. Chuma kilichopata moto kikipigwa maji ya baridi huweza kupasuka, na maji huingia mahali pa cheche. Mapezi ya chuma yanayopoza injini yasafishwe kwa brashi kavu.

6. Mashine inafanya kazi isiyo yake

Sasa tufikie jambo ambalo haliko mikononi mwa mwendeshaji hata kidogo. Mashine iliyoundwa kwa uwanja wa nyumba moja ikipewa kiwanja cha kiwanda chenye majani ya kufika gotini, itakufa hata ikitunzwa na malaika. Injini hupata moto kupita kiasi, oili huwa nyepesi kama maji, valvu huungua. Huo si ubovu wa mashine wala uzembe wa mtu. Ni uamuzi wa aliyenunua kitu chepesi kwa kazi nzito.

Dawa zipo. Majani marefu yafyekwe kwanza kwa fyekeo, ndipo mashine ipite. Yakatwe mara mbili: mara ya kwanza kisu kikiwa juu, mara ya pili kikishushwa. Yaachwe yakauke umande kabla ya kuanza. Visiki na mawe vionyeshwe kwa kijiti chenye kitambaa. Lakini haya yote yanahitaji watu na saa. Msimamizi anayetaka kiwanja kizima kabla ya saa sita ameshaamua mashine ife. Tuseme hivyo kwa adabu, na tuseme mapema, kabla mashine haijafa.

7. Daftari ni shahidi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza: na mshahara wa mwenye mali ya wengine hupotea pamoja nayo. Kila mashine iwe na daftari lake la kurasa chache, lining'inizwe stoo kwa kamba. Andikeni mambo saba tu: tarehe, jina la aliyeendesha, mafuta yalinunuliwa lini na wapi, iliwaka kwa mvuto wa ngapi, ilifanya kazi dakika ngapi kabla ya kuzimika, ilifanya nini kabla ya kuzimika, na nini kiliiwasha tena.

Tutoe mfano. Tuseme wiki moja imeandikwa hivi. Jumatatu: iliwaka mvuto wa pili, ilizimika baada ya dakika 20, iliwaka baada ya kupumzika. Jumanne: vilevile, dakika 18. Jumatano: ilizimika dakika ya 20, kifuniko kikalegezwa, ikawaka papo hapo na kuendelea mpaka mwisho. Mtu yeyote anayesoma, hata asiyejua injini, anaona jibu. Hakuna haja ya garaji, hakuna haja ya kabureta mpya, hakuna haja ya kumkata mtu mshahara. Inatakiwa sindano.

Asiyejua kuandika amwambie mwenziwe amwandikie siku ile ile. Msingoje mwisho wa mwezi, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyelaumiwa haiaminiki mbele ya aliyemlaumu. Na kila Ijumaa mjumbe wa wafanyakazi na msimamizi watie sahihi chini ya ukurasa. Sahihi ya msimamizi ina maana kwamba amearifiwa. Aliyearifiwa hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

8. Mkono haununuliwi garaji

Kisu cha mashine huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Katika kuhangaika na mashine inayosumbua ndipo watu hupoteza vidole. Kwa hiyo shikeni haya bila kujadiliana.

Chomoa waya wa buji kabla ya kugusa kisu, hata kama injini imezimika. Kuzungusha kisu kwa mkono kunazungusha injini, na injini yaweza kuwaka.

Usifunge kwa waya ile fimbo ya mpini inayozima mashine ukiiachia. Wengine huifunga ili mkono upumzike. Siku utakayoteleza, hiyo fimbo ndiyo ingekuokoa mguu.

Usitie mafuta injini ikiwa na moto. Ngoja ipoe angalau robo saa.

Usinyonye esanse kwa mdomo kupitia mpira. Ni desturi ya hatari sana katika miji yetu ya ziwani. Tone likipita njia ya hewa likafika mapafuni, huyachoma, na mtu huweza kufa. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali upesi. Tumieni faneli na bidoni yenye mdomo.

Na viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu na kinga ya macho ni vifaa vya kazi kama kisu chenyewe. Mwajiri avitoe.

9. Nani alipe?

Sasa tunarudi kwenye mshahara. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba mshahara hukatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na makubaliano ya pamoja, au na hukumu ya usuluhishi. Na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Maana yake ni kuwa hasira ya msimamizi si sheria. Kwetu Burundi, Kanuni ya Kazi ya mwaka 1993 ilifanyiwa marekebisho kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020. Kila tawi liwe na nakala yake, na mjumbe aisome pamoja na wenzake sehemu zinazohusu mshahara na adhabu, kwa lugha wanayoielewa.

Ndugu akiitwa kulaumiwa, asiende peke yake wala asiende mikono mitupu. Aende na mjumbe na daftari. Aulize kwa utulivu: mafuta haya yalinunuliwa na nani? Chujio jipya liliombwa lini? Taarifa ya kisiki ilitiwa sahihi na nani? Mara nyingi ugomvi huisha hapo.

Lakini daftari hukata pande mbili, nasi tusilikimbie. Likionyesha kwamba mtu aliendesha bila oili, au aliuza nusu ya esanse akajazia maji, chama hakiwezi kumsafisha. Tunadai haki kwa sababu tunafanya kazi kwa uaminifu. Mfanyakazi mmoja anayeharibu kwa makusudi huwafanya wenzake kumi wasiaminiwe.

10. Maswali ya kujadiliana katika kikundi

(a) Taja mahitaji manne ya injini. Katika matunzo mnayofanya sasa, ni mangapi yanahusu manne hayo?

(b) Mafuta ya mashine zenu huhifadhiwa wapi, ndani ya nini, na kwa muda gani? Pimeni kwa chupa na karatasi, mlete matokeo mkutano ujao.

(c) Mashine inazimika baada ya robo saa. Elezeni jinsi ya kujua kama tatizo ni kitundu cha tangi au koili.

(d) Je, mashine zenu zinafanya kazi zilizoundiwa? Kama sivyo, tawi lipeleke pendekezo gani kwa mwajiri?

(e) Mchagueni ndugu mmoja wa kutunza daftari kwa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi lisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Kikundi kikimaliza maswali haya, kianze na mashine moja tu, ile inayosumbua kuliko zote. Daftari lake lifunguliwe Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvuta kamba.